Aya ya Mwisho

Insha yangu ya kwanza chuoni ilirudi na mstari mmoja wa penseli. Ulipigwa kwa rula, kutoka kona moja ya aya ya mwisho hadi kona ya pili, na pembeni mwalimu ameandika swali fupi: huyu anayesema hapa ni nani?

Aya yenyewe niliiona nzuri. Ilisema Mungu akifunga mlango mmoja hufungua mwingine, na kwamba leo nikikumbuka siku ile nashukuru kwa yote. Niliiandika saa nane usiku, umeme umekatika, simu nimeiegemeza kwenye kikombe inimulikie, na machozi yalinilenga. Sasa mtu kaipigia mstari kama hesabu iliyokosewa.

Nikaenda ofisini kwake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya mstari."

Nikamwambia ile aya ndiyo iliyobeba ujumbe wote wa insha. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge. "Kurasa tatu nimekaa na baba yako," akasema. "Nikamzoea. Kufika mwisho kaingia mtu mwingine, simjui, hata hodi hakupiga, kaanza kuhubiri. Nikataka kujua katokea wapi."

Nilitoka pale nimenuna. Nilinuna siku nne.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi ni mtoto wa Tandika, Dar es Salaam. Form Six nilisoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, combi ambayo ukiitaja mbele ya mtu wa PCB, wale wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, anakutazama kama umemwambia unaumwa. Mwaka 2019 niliomba vyuo vitatu, nikachukuliwa na kile nilichokiandika ili tu nafasi isikae wazi: chuo kidogo cha kanisa, upande wa pili wa jiji, majengo mawili ya ghorofa, chapeli, mwembe, na mgahawa wa mama mmoja aliyejua bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, la nani limeingia na la nani bado. Kozi yangu ilikuwa fasihi ya Kiingereza na uandishi. Siku ya kuniaga, mjomba wangu, fundi umeme, alisimama na soda yake mkononi akauliza mbele ya ukoo mzima: "Mwanangu, Kiingereza si unakisoma tangu darasa la kwanza? Kumbe bado hujakimaliza?"

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu jibu sikuwa nalo.

Tulianza darasani 12. Wiki ya tatu watatu walihamia sheria, tukabaki tisa: walimu wawili wa shule ya msingi waliokuja kujiendeleza, Mchungaji mmoja kutoka Njombe, na sisi wengine tuliotoka moja kwa moja sekondari. Rafiki yangu aliyekwenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa ananisimulia ukumbi wa mamia ya watu, mtu unaweza kusinzia semista nzima na mwalimu asijue kama ulizaliwa. Nilimwonea wivu. Kwenye darasa la tisa hakuna pa kujificha. Hujasoma shairi la leo, inajulikana kabla hujakaa. Wala kudesa, yaani kunakili kazi ya mwenzako, hakusaidii, maana mnaodesana mko tisa na mwalimu anazijua sentensi za kila mmoja kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe.

Vitabu vilikuwa shida ya kawaida. Maktaba ilikuwa na nakala moja ya kile kitabu kinene cha mashairi, imefungwa kwa gundi na uzi, haitoki nje. Tukawa tunaibeba hadi steshenari iliyopo getini, shilingi 50 ukurasa, tukirudi na makaratasi yenye kivuli cheusi katikati pale ambapo kitabu hakikukubali kulala. Maneno yaliyoangukia kwenye kivuli tulibahatisha. Nina mashairi mawili matatu ambayo hadi leo nayajua kwa maneno ya kubahatisha, na mengine nadhani ya kwetu ndiyo mazuri zaidi.

Makaratasi yale niliyasoma kwenye daladala. Tandika hadi Kariakoo, nashuka, napanda nyingine. Mkono mmoja bomba, mkono mwingine shairi. "Dada wa karatasi, sogea nyuma, nyuma huku kweupe!" Konda wa njia ile alinizoea mpaka akawa ananiuliza kama mtihani umeisha.

Ibada ilikuwepo, bila shaka. Kila kipindi kilianza kwa sala, hata cha sarufi. Wengi nje hudhani chuo cha kanisa maana yake kuna vitabu visivyosomwa na maswali yasiyoulizwa. Kwetu tulisoma wazinzi, wauaji na wasioamini, na hakuna aliyeturushia maji ya baraka. Kikwazo changu hakikuwa pale. Mimi nilikwama kwenye ushuhuda.

Aliyekulia kanisani anaujua. Unaitwa mbele, unashika maiki, unasema Bwana Yesu asifiwe, wanaitikia ameni. Halafu: nilikuwa hivi, nikapatwa na hili, nikalia, nikaomba, Bwana akanitendea, na leo mnaniona. Makofi. Nilianza kutoa ushuhuda nikiwa na miaka tisa, wa kupona malaria. Ni umbo zuri, silidharau. Limewabeba bibi zetu kwenye mambo ambayo mimi ningezimia. Ila lina sharti: mwisho lazima uwe umeshafika. Mtu ambaye jambo lake bado linaendelea haitwi mbele. Anaambiwa aendelee kuomba, atakuja kushuhudia.

Shule nayo ilinifunga fundo lilelile kwa kamba nyingine. Aliyesoma fasihi sekondari anakumbuka: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, mafunzo. Kila kitabu, kiwe cha Kiswahili au cha Kiingereza, kilikamuliwa hadi kikatoa ujumbe, na ujumbe ulikuwa na alama zake. Ukiandika kwamba mwandishi anatufundisha tuepuke tamaa, unapata. Ukiandika kwamba mwishoni yule mwanamke alikaa akiutazama ule mlango na hujui kwa nini inakuuma, hupati kitu. Basi nikaja chuoni nikiwa na mikono miwili na yote imezoea kazi moja: kufunga.

Aliyeanza kunilegeza ni padre mmoja Mwingereza aliyekufa zamani. Gerard Manley Hopkins alizaliwa mwaka 1844, akajiunga na Wajesuiti mwaka 1868, na alipojiunga akayachoma mashairi yake aliyokuwa ameandika, akiona hayaendani na wito. Akakaa kimya miaka saba. Desemba 1875 meli ilikwama kwenye pwani ya Uingereza, watawa watano wa Kifransisko waliokuwa wamefukuzwa Ujerumani wakazama nayo, na ndipo akaandika tena. Baadaye alipelekwa Dublin kufundisha Kigiriki, kazi ya kusahihisha mitihani mamia kwa mamia, na huko, mwaka 1885, akaandika soneti kadhaa za giza tupu. Alikufa mwaka 1889 kwa homa ya matumbo, miaka 44. Kitabu chake kilitoka mwaka 1918, rafiki yake alipoona sasa watu wanaweza kukisoma. Hakupata kukiona.

Soneti ni mistari 14. Kwa mtu aliyezoea mizani kumi na sita za shairi letu, nane kwa nane, ni kipande kifupi, na tulizihesabu silabi kwa vidole chini ya meza kama tulivyofundishwa Form Two. Mojawapo ya zile za Dublin inaanza na mtu anaamka, anakuta bado ni usiku. Analinganisha vilio vyake na barua zinazotumwa kwa mpendwa anayeishi mbali, barua zisizofika. Nilisubiri mstari wa 14 uniokoe. Haukuniokoa. Shairi linaisha palepale, tena pabaya kidogo kuliko lilipoanza.

Darasa likanyamaza. Feni ilikuwa inazunguka na ule mlio wake wa kijiko kwenye bilauri. Nikasema nilichokuwa nafikiri, kwamba kwa padre huu si mfano mzuri, angalau angeweka mstari mmoja wa tumaini, waumini wangesomaje kitu kama hiki?

Mchungaji wetu alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa mkubwa kuliko Mama, mwalimu wetu, lakini na yeye alimwita Mama. Akafungua begi lake la ngozi, akatoa Biblia, akapekua bila haraka. "Zaburi ya 88," akasema, akaisoma yote, mistari 18, kwa Kiswahili, kwenye darasa la Kiingereza. Kama hujaisoma karibuni, kaisome. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mahali fulani: lakini mimi nitakutumaini, lakini wewe, Bwana. Hii haigeuki. Inaishia gizani, na neno lake la mwisho ndilo hilo. Akafunga Biblia. "Nimezika watu miaka 19," akasema. "Hii huwa siisomi makaburini, huwa naogopa. Lakini mtu mmoja aliyeiandika hakuogopa, na wale walioiweka humu hawakumwongezea mstari."

Kisha akatukumbusha kitabu cha Yona. Kinaishia na swali. Mungu anamuuliza nabii aliyenuna kama haifai kuuhurumia mji wenye watu zaidi ya 120,000, na mifugo pia, halafu basi, kitabu kimekwisha. Yona hajibu. Hatujui kama aliwahi kuinuka pale alipokaa. Nimeisikia habari ya Yona Sunday School mara labda hamsini, na kila mara iliisha pale samaki alipomtapika.

Nikaenda nyumbani na Zaburi ile kichwani. Muda mfupi baadaye, Machi 2020, vyuo vikafungwa kwa ajili ya corona, na nikajikuta mchana kutwa niko Tandika na baba, jambo ambalo halijatokea tangu nikiwa mdogo. Vilifunguliwa tarehe 1 Juni. Katikati ya hapo sikuandika chochote cha maana, nilimtazama tu mzee.

Kozi ya uandishi ilikuwa mwaka wa pili, kila Alhamisi saa nane mchana, saa ambayo Dar es Salaam haifai kwa kitu chochote isipokuwa kivuli. Utaratibu ulikuwa mmoja. Unasoma kazi yako kwa sauti. Ukimaliza unafunga mdomo, wenzako wanaizungumza kama vile haupo. Ni kama kusikia watu wanakusema ukiwa nyuma ya pazia, na pazia hakuna.

Insha ile ya mstari wa penseli, ya mwaka wa kwanza, niliichomoa tena. Ilihusu siku cherehani ya baba ilipouzwa. Baba ni fundi nguo. Alikuwa anashonea kibarazani kwetu, kwenye Singer ya miguu, suruali za shule na magauni ya sikukuu. Mwaka huo nilikuwa Form Two. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita mbele, kama wenye nyumba wa Dar wanavyotaka, na pesa haikuwepo. Akaja mtu na guta, wakaipandisha, wakaifunga kamba. Kwenye insha ya kwanza, baada ya guta kukata kona, mlango ule mwingine ukafunguliwa: baba akapata nafasi ya kushonea kwa mtu sokoni, analipwa kwa nguo. Bwana asifiwe.

Nikasoma. Wakaizungumza. Mmoja wa wale walimu wa msingi akasema inamgusa, mwingine akasema guta halikuelezwa vya kutosha. Mama aliuliza swali moja tu, na hakuniuliza mimi, aliliuliza darasa kama utaratibu ulivyo: "Usiku wa siku ile, pale cherehani ilipokuwa, pana nini?"

Hakuna aliyejua. Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa najua kila kitu, na kwenye kurasa tatu sikukiandika hata kimoja, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufika kwenye shukrani.

Pana alama nne za kutu kwenye sakafu ya sementi, za miguu ya chuma. Mama yangu alizisugua kwa mchanga na sabuni ya unga, hazikutoka. Pana vipande vya uzi vilivyojisokota na vumbi, vya rangi zote, na mdogo wangu akavikusanya akatengeneza mpira. Na kwa miezi mingi hakuna mtu aliyeweka kitu pale. Ndoo ya maji ilikaa mlangoni tukijikwaa, wakati nafasi ipo. Wageni wenyewe, bila kuambiwa, walipita pembeni.

Halafu kuna sindano. Mafundi nguo wengi huchomeka sindano kwenye ukosi wa shati ili isipotee. Baba alikuwa na mbili, moja ndogo na moja ya vifungo. Kwa huyo mtu wa sokoni sindano zipo, zinatolewa pale, zinarudishwa pale. Lakini asubuhi, kabla hajatoka, alikuwa anachomeka mbili zake kwenye ukosi. Jioni anazichomoa, anaziweka juu ya redio. Hili ndilo nililoliona ile miezi ya corona, na hakuna siku nilimuuliza.

Nikaandika hayo. Insha ikaisha na sindano juu ya redio. Ilirudi bila mstari wowote wa penseli, na alama yenyewe, niseme ukweli, haikuwa kubwa: vihusishi vyangu vya Kiingereza vilikuwa bado vinanisaliti.

Oktoba 2021, tukiwa mwaka wa tatu, mwandishi Abdulrazak Gurnah akapewa Nobel ya fasihi. Mabishano ya kwenye vijiwe mnayakumbuka, wa kwetu au wa Waingereza, kazaliwa Zanzibar kaondoka kijana, na wengi wa wabishanaji hawajagusa vitabu vyake maana madukani havikuwepo. Kilichotufurahisha sisi tisa ni kitu kidogo kisichohusu siasa: kabla ya shahada ya uzamivu, alisoma Canterbury, kwenye chuo kilichoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1962, kipindi hicho kichanga mno hata shahada zake zilitolewa na Chuo Kikuu cha London. Chuo kidogo cha kanisa! Wiki nzima tulitembea kama tumeshinda sisi. Mama wa mgahawa akauliza kama huyo bwana anadaiwa chochote pale.

Zoezi la mwisho la Mama lilikuwa kutafsiri insha yetu wenyewe kwa Kiswahili. Alituambia Mwalimu Nyerere, kipindi nchi ni changa na kazi zimemjaa, alipata muda wa kumtafsiri Shakespeare, na tafsiri yake ya Julius Caesar ikachapishwa mwaka 1963, kwa hiyo asisikie habari ya mtu kukosa muda.

Nilidhani ni la usiku mmoja. Likanichukua wiki tatu, na nikagundua jambo ambalo bado linanitatiza. Kwa Kiingereza nilikuwa nimeweza kuishia kwenye redio. Kwa Kiswahili kila nikifika kwenye redio, sentensi nyingine inakuja yenyewe: lakini tunamshukuru Mungu. Nafuta, inarudi. Kiingereza kwangu hakina bibi. Hakuna aliyenizaa, aliyenizikia mtu wangu au aliyeniombea kwa lugha ile, kwa hiyo nikisimama ghafla hakuna anayeshtuka. Kiswahili kimejaa watu, na wote wamekaa kwenye mabenchi wananisubiri nimalize vizuri ili waitikie ameni. Ni vile nyimbo zetu za zamani za kanisani, tuni za Kijerumani zilizovishwa maneno yetu. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, tuni inakaza inapotaka yenyewe, na tunaimba jina la Mungu tukilikaza mkiani bila kusikia kasoro, kwa kuwa ndivyo tulivyolikuta. Kuandika Kiswahili bila ushuhuda kulikuwa kama kujifunza kuliimba upya neno lile mbele ya kwaya iliyokwishazoea.

Nikaimaliza. Ikaishia kwenye redio.

Tulihitimu mwaka 2022. Mwaka uliofuata kozi yetu haikuchukua wanafunzi, waombaji hawakutosha, na sijui kama imerudi. Mchungaji yuko usharika wake Njombe. Mimi nahariri tafsiri kwa malipo ya ukurasa, kazi ambayo mjomba ameielewa baada ya kuona nimenunua friji.

Jumapili moja baada ya chakula nilimsomea baba ile insha. Kiingereza hasomi. Alikaa kwenye kile kigoda chake, macho chini, na mimi nikasoma taratibu: kodi, guta, kamba, alama nne, mpira wa nyuzi. Nilipofika kwenye sindano mkono wake ulipanda hadi kwenye ukosi, akazigusa, akashusha mkono. Nikasoma hadi redio. Nikanyamaza.

Baba naye akanyamaza, muda mrefu. Nje mtu alikuwa anapita na mkokoteni wa maji.

"Umeandika Singer," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Haikuwa Singer. Meza na miguu ndiyo Singer, nilinunua kwa Mhindi mmoja Kariakoo. Kichwa kilikuwa Butterfly." Akainuka, akaenda kuzima redio. "Karekebishe."